Kenya: Wahudumu wa maduka ya dawa wapima presha bure mitaani, kazi ngumu huanza baada ya kipimo

Katika miji mingi ya nchi jirani ya Kenya, si ajabu siku ya Jumamosi kukuta hema dogo limesimamishwa kando ya soko, kituo cha matatu, uwanja wa kanisa au wa msikiti, na ndani yake vijana wenye fulana za aina moja wakiwapima wapita njia presha na sukari bila malipo. Siku za kazi, wengi wa vijana hao husimama nyuma ya kaunta za maduka ya dawa, ambayo Wakenya huyaita kemisti.

Zamani kemisti lilikuwa duka la mtu mmoja au la familia. Katika miaka kumi na zaidi iliyopita zimekuja kampuni zenye matawi mengi. Goodlife, iliyoanzishwa mwaka 2014, ina matawi Kenya na hapa Uganda pia. Haltons ilinunuliwa mwaka 2019 na mPharma, kampuni yenye asili yake Ghana. Kampuni za namna hii zina wafamasia, mafundi sanifu wa dawa, wahasibu na madereva, na kwa hiyo zina watu wa kutosha kufunga safari ya mtaani bila kufunga duka.

Haja ya safari hizo inaonekana katika takwimu za serikali yenyewe. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa kwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Kwa upande wa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi: karibu tisa kati ya kumi hawakuwahi kupimwa. Presha haina kelele. Mtu anaweza kulima, kubeba mizigo na kucheza ngoma kwa miaka mingi huku mishipa yake ikiharibika, na dalili ya kwanza ikawa kiharusi.

Kipimo chenyewe ni chepesi, lakini kina masharti ambayo mara nyingi hupuuzwa mahali penye msongamano. Anayepimwa anatakiwa akae kwa utulivu dakika tano, mgongo ukiegemea kiti, miguu yote miwili ikigusa sakafu na mkono ukiwa sawa na usawa wa moyo. Mkanda wa mashine hufungwa kwenye ngozi, si juu ya shati. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, na asizungumze mashine inapojaza hewa. Kisha kipimo kirudiwe baada ya dakika moja au mbili. Mtu aliyetoka kukimbizana na matatu, akaketishwa na kupimwa papo hapo huku akijibu simu, atapata namba ya kumtisha bure. Kwa sababu hiyo hema lenye viti vingi vya kungojea lina manufaa zaidi kuliko hema lenye mashine nyingi, ingawa picha za matangazo hupenda mashine.

Namba inayotajwa sana ni 140 kwa 90. Aliyefikia au kupita hapo haambiwi kwamba ni mgonjwa. Huambiwa arudi kupimwa siku nyingine, na akikuta hali ni ileile amwone daktari au afisa wa kliniki. Aliyepita 180 kwa 120, hasa akiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, hapaswi kusubiri siku nyingine. Anahitaji hospitali wakati huohuo. Kipimo cha sukari hutumia tone la damu ya kidole, na kila mtu lazima apate sindano yake mpya, ambayo baadaye hutupwa katika kisanduku maalumu cha vitu vyenye ncha kali.

Ugumu uko kwenye hatua inayofuata. Hema hung'olewa jioni, na mama muuza mboga aliyeambiwa presha yake ni 170 hubaki na kikaratasi mkononi. Je, atakwenda wapi, na kwa fedha zipi? Dawa za presha hutumiwa kwa miaka, pengine maisha yote, na gharama yake huja kila mwezi. Kambi iliyopima watu mia tatu na isiyojua ni wangapi kati yao walifika kliniki imefanya nusu ya kazi, tena ile nusu rahisi. Wahudumu wanaofanya vizuri zaidi ni wale wanaoandika barua ya rufaa kwa zahanati iliyo karibu, na kuwakaribisha watu warudi dukani kupimwa tena bila kulazimika kununua chochote.

Serikali ya Kenya nayo imeingia katika kazi hiyo. Tarehe 25 Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba yenye mashine ya presha na kipima sukari. Kwa sadfa, tarehe hiyo ndiyo pia Siku ya Wafamasia Duniani. Mhamasishaji anayeishi kijijini anajua mlango wa kila mgonjwa, jambo ambalo mhudumu wa duka la mjini hawezi kulijua. Hema na mkoba vingeweza kusaidiana, iwapo mwenye hema angempa mwenye mkoba taarifa, kwa ridhaa ya mgonjwa.

Ridhaa hiyo si jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye daftari la kambi haipaswi kugeuka njia ya kumtumia mtu matangazo ya vitamini. Ni kweli pia kwamba kampuni hupata faida katika wema huu: jina lake hujulikana, na aliyepimwa bure leo huenda akawa mteja kesho. Faida hiyo haiufuti msaada, mradi mtu asilazimishwe kununua, na mradi mfanyakazi aliyeambiwa "ajitolee" siku yake ya mapumziko awe na uhuru wa kukataa.

Mchango mwingine hauhitaji utaalamu wa dawa hata kidogo. Baada ya ufadhili mkubwa wa Marekani kwa huduma ya damu ya Kenya kukoma mwaka 2019, uhaba wa damu hospitalini umekuwa ukirudi mara kwa mara. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba nchi huhitaji damu kutoka kwa asilimia 1 ya watu wake kila mwaka. Kwa Kenya, iliyohesabu watu milioni 47.6 katika sensa ya 2019, hiyo ni chupa zipatazo 476,000. Mhasibu au dereva wa kampuni ya dawa anaweza kuchangia sawasawa na mfamasia.

Kuhusu dawa za msaada, tahadhari inahitajika. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba dawa zinazotolewa ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya muda wake kuisha zinapofika katika nchi inayozipokea. Sanduku la dawa zilizobakiza wiki chache humwachia mpokeaji gharama ya kuziteketeza.

Wafanyabiashara wa Uganda wanaovuka Busia na Malaba wanaweza kupimwa katika hema hizo kama mtu mwingine yeyote. La muhimu ni kuomba namba zote mbili za presha na tarehe ziandikwe kwenye kikaratasi, kisha kukifikisha kwenye kituo cha afya cha nyumbani, kwa kuwa ndicho kitakachomhudumia mgonjwa mwezi hadi mwezi.