Vijidudu Vinavyoshinda Dawa

Vijidudu vya maradhi ni vidogo mno, havionekani ila kwa hadubini. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Mwaka 1928, mjini London, Alexander Fleming aliona ukungu unaoua vijidudu, na dawa yake akaiita penisilini. Dawa hiyo huzuia kijidudu kisijenge sawasawa ukuta wa mwili wake, hata kikapasuka. Walakini mwaka 1940 Abraham na Chain wa Oxford walieleza ya kuwa vijidudu vingine hutoa kitu cha kuiharibu dawa yenyewe. Basi vilivyo dhaifu hufa, na vyenye silaha hiyo husalia, vikazaa vingi vya namna ile ile. Kwa hiyo, watoto, msimeze dawa kama hii pasipo agizo la daktari, wala msipunguze kipimo alichowapa.