Jalidi: Soma upepo kabla ya kuwasha pampu

WAKULIMA wa stroberi wa Plant City, Florida, nchini Marekani, huvuna majira ya baridi, na usiku mmoja wa jalidi waweza kuwamalizia mtaji. Kinga yao ni maji. Joto likikaribia nyuzi 0 za Sentigredi, huwasha pampu na kunyunyizia shamba hadi asubuhi. Maji yanapoganda hutoa joto, hivyo ua lililofunikwa na barafu hubaki kwenye nyuzi 0 hivi. Ua lililochanua hufa likishuka chini ya -1.

Lakini kipimajoto pekee hakitoshi. Utabiri ukionyesha upepo mkali na hewa kavu, maji hugeuka mvuke na kuzidisha baridi. Pampu yaweza kuua maua ambayo yangepona. Kuizima mapema, barafu haijaanza kuyeyuka, ni hasara ile ile.

Na maji hayo ni ya majirani pia. Januari 2010 baridi ilikaa siku 11. Maji ya ardhini yalishuka mita 18 hivi, visima vya majumbani vikakauka, na mashimo yapatayo 140 yakafunguka, mengine yakiharibu nyumba na barabara. Utabiri wa usiku humwambia mkulima lini awashe. Wa wiki nzima ndio umwonyeshao kama maji yatatosha.