Kanyanga, usingizi na siku za mbalamwezi

Mlevi wa Uvira, mashariki mwa Kongo, anayetaka kuacha kanyanga, pombe kali ya kienyeji, huambiwa kwanza ajikaze, kisha hupelekwa kwenye chumba cha maombi. Akikaa wiki mbili bila kunywa, jamaa zake humshukuru Mungu; akirudia, husemwa kwamba hakutaka kupona. Naona tunamwonea. Mara nyingi alitaka, ila aliondolewa chupa peke yake, akaachiwa usingizi ulioharibika na siku nzima isiyo na kazi. (Hata hiyo chupa isiondolewe kwa pupa: mnywaji wa miaka mingi akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa, kwa hiyo kumfungia chumbani bila muuguzi ni hatari.)

Ukosefu wa kazi kando ya Ziwa Tanganyika una kalenda yake. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, maana hukusanyika penye mwanga gizani. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazifui dafu, mitumbwi inalala ufukweni na wavuvi wanakaa bure siku kadhaa. Mwaka 2024 kukaongezeka miezi mitatu ya kufunga ziwa, kuanzia Mei 15, ili samaki wazaane. Ukijumlisha mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 na vita vya waasi wa M23 vilivyofika mjini Desemba 2025, utaelewa kwa nini wengi hawana cha kuwaamsha asubuhi. Mtu atanijibu kwamba wavuvi hunywa hata msimu wa neema. Ni kweli, na hapo ndipo panapofundisha. Mvuvi hulipwa kwa mgao wa samaki waliouzwa alfajiri, fedha taslimu mkononi, naye muuza kanyanga yuko hapo hapo mitumbwi inapotia nanga. Kwa hiyo kazi yoyote tu haitoshi. Huko Baltimore, Marekani, Kenneth Silverman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliwapa watumiaji wa heroini mafunzo na kazi ya malipo kwa sharti kwamba mkojo wao uwe safi. Waliojizuia waliongezeka sana, lakini mpango ulipokwisha wengi walirudia. Kilichowashika ni ule utaratibu, na ulipoondoka waliachia.

Upande wa akili ni mzito zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahoji watu wazima 998 wa Kivu zote mbili na Ituri: asilimia 40.5 walikuwa na dalili za sonona, na asilimia 50.1 dalili za kiwewe cha vita. Kwa mtu wa namna hiyo kanyanga ni dawa ya usingizi. Ukiinyang'anya, jinamizi linarudi kabla wiki haijaisha. Madaktari wana pingamizi la haki: pombe yenyewe huleta sonona, ambayo huweza kuondoka baada ya wiki chache bila kunywa, hivyo afadhali kungoja. Wangoje kuandika dawa, sawa. Ila wasingoje kumsikiliza. Asiyesikilizwa huondoka: kliniki ya Muhimbili, Dar es Salaam, inayowatibu watumiaji wa heroini kwa methadoni tangu mwaka 2011, ilibaki na asilimia 57 tu ya wagonjwa wake 629 wa mwanzo baada ya mwaka mmoja, na waliowahi kudhulumiwa kijinsia ndio waliokuwa wepesi zaidi kuacha tiba.

Na wataalamu watoke wapi? Hospitali ya akili ya SOSAME iko Bukavu, ile ya Kamenge iko Bujumbura, Burundi, ng'ambo ya mpaka unaoweza kufungwa wakati wowote. Lakini huku huku Kivu, wanawake waliobakwa walitibiwa kwa vikundi na wasaidizi wasio madaktari. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, baada ya miezi sita asilimia 9 tu walibaki na dalili za sonona au wasiwasi, dhidi ya 42 ya wale waliopewa msaada wa kawaida. Vikundi havikulenga pombe, lakini vinaonyesha kwamba kazi hii haimhitaji daktari bingwa kila mara. Ajira mpya sitaziahidi. Kinachowezekana ni kumruhusu mgonjwa arudi ziwani mwanzo wa siku za giza, si wakati wa mbalamwezi. Mwenye mtumbwi akubali kupeleka sehemu ya mgao wa mgonjwa moja kwa moja kwenye akiba ya AVEC, kikundi cha kijiji cha kuweka na kukopa. Na mwezi unapopevuka kwa mara ya kwanza, muuguzi wa kituo cha afya apite nyumbani kumuuliza amelalaje.