Valvu ya tairi lenye sensa: mwambie fundi kabla hajaanza kazi

Ukipeleka gari kuziba pancha Mbagala, Tegeta au Bunju, kazi huwa ya haraka. Fundi anaingiza vyuma vya kubandulia tairi, anaziba, anajaza upepo, unaondoka. Lakini kwa magari yenye sensa ya upepo, haraka hiyo inaweza kukutia hasara.

Hatuzungumzii sensa ya kuhesabu watu. Hiki ni kifaa kidogo chenye betri yake, kilichofungwa ndani ya rimu kwenye mguu wa valvu. Kinapima upepo na kutuma taarifa kwenye dashibodi kwa mawimbi ya redio.

Marekani ilitunga sheria mwaka 2000, baada ya ajali za magari ya Ford Explorer yenye matairi ya Firestone. Tangu Septemba 2007, magari madogo mapya yote huko lazima yaonye upepo ukipungua. Umoja wa Ulaya uliweka sharti kama hilo kwa magari madogo mapya yote ya abiria kuanzia Novemba 2014. Baadhi ya magari hayo sasa tunayanunua yakiwa mtumba.

Utajuaje kama lako linayo? Washa swichi. Ikiwaka taa ya manjano yenye umbo la tairi na alama ya mshangao, kisha ikazimika, gari lina mfumo huo. Mifumo mingine hupima kwa mzunguko wa magurudumu, bila kifaa ndani ya tairi. Mpaka uhakikishe, chukulia kuwa kifaa kipo.

Adui wa kwanza ni kutu. Valvu nyingi za sensa ni za alumini. Kipini cha ndani kinachozuia upepo kinatakiwa kiwe kile cha rangi ya fedha, kilichopakwa nikeli. Fundi akiweka cha kawaida cha rangi ya dhahabu, metali hizo mbili hulana, hasa penye unyevu na chumvi ya bahari kama Kunduchi. Kipini kinaganda, na ukilazimisha kukifungua valvu inakatika. Kifuniko nacho kiwe cha plastiki, na kisikosekane: kinazuia vumbi na maji.

Tairi likipungua upepo polepole, paka valvu maji ya sabuni. Povu likitoka kwenye mdomo, tatizo ni kipini, na kinabadilishwa bila kubandua tairi. Likitoka kwenye shina, mpira wa kuzibia umechoka, na hapo tairi lazima libanduliwe.

Tairi likibanduliwa, mwombe fundi aanze upande ulio mbali na valvu, ili vyuma visigonge sensa. Mpira, nati, kipini na kifuniko vibadilishwe hapo hapo. Nati isikazwe kwa nguvu kupita kiasi, alumini hupasuka.

Zisome taa vizuri. Ikiwaka moja kwa moja, upepo umepungua: simama mahali salama ukague. Kwa magari mengi, ikipepesa kwa dakika moja hivi kisha ikabaki inawaka, mfumo wenyewe una hitilafu. Huenda betri ya sensa imekwisha.

Kabla ya kuondoka Dar kwenda kijijini, pima upepo matairi yakiwa ya baridi, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Sensa huonya upepo ukiwa umeshapungua sana. Geji ya mkononi inakuambia mapema.