Sura ya Nne: Nani Anamsubiri Nani

Boti ya saa 1 asubuhi kutoka bandari ya Malindi, Unguja, bahari ikiwa tulivu, hufunga gati Dar es Salaam mnamo saa 3. Siku moja nilishuka nayo pamoja na mama mdogo, tukirudi kwetu Nalasi, wilayani Tunduru. Alikwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua, naye alirudi na begi moja, mkeka uliofungwa kamba ya katani, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, imejaa halua. Ndoo hiyo hakukubali mpagazi aiguse. Kabla hatujatoka getini alikuwa ameshaniuliza mara mbili: "Mwanangu, gari la Tunduru tutalikuta?" Nikamwambia tutalikuta. Wakala alinihakikishia kwenye simu kwamba lipo la pili, la saa 4.

La pili halikuwepo. Gari lilikuwa moja, nalo liliondoka saa 12 asubuhi, sisi tukiwa bado hatujapanda boti. Tukaambiwa tulale, tupande kesho yake.

Bahari yote iliyopo kati ya Unguja na Dar tuliivuka kwa takribani saa 2. Kipande cha nchi kavu kati ya gati na kiti cha basi kikatula saa 21.

Kipande hicho, katika kitabu hiki, nakiita kiungo, kwa maana ile ile ya kiungo cha mwili. Goti likiuma, paja ni zima, muundi ni mzima, lakini mtu hatembei. Sura zilizotangulia zilihusu vyombo vyenyewe: boti, treni, basi, daladala. Sura hii inahusu mahali chombo kimoja kinapomkabidhi abiria kwa kingine, na swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kuachwa na gari analijua hata kama hajawahi kulitamka: hapa, nani anamsubiri nani?

Tuanze na hesabu. Chukua gari linalopita kila baada ya dakika 10. Ukifika kituoni bila kuangalia saa, kuna siku utalikuta linafunga mlango na siku utakayoliwahi pale pale, lakini kwa wastani utasubiri dakika 5, yaani nusu ya pengo. Gari la namna hiyo halina haja ya kumsubiri mtu. Ndiyo maana abiria wa mabasi ya Mwendokasi ya Dar es Salaam, tangu njia ya Kimara hadi Kivukoni ilipoanza kazi mwaka 2016, haulizi ratiba. Anauliza foleni ikoje. Aliyeshuka boti anaweza kutembea kwa miguu hadi kituo cha Kivukoni, na akichelewa kwa kuhangaika na mzigo, kilichompotea ni dakika chache.

Sasa chukua gari linaloondoka mara moja kwa siku. Nusu ya pengo ni saa 12. Hapo kuchelewa dakika 5 na kuchelewa saa 5 ni mamoja, adhabu yake ni ile ile ya kulala. Kwa hiyo ugumu wa safari haupimwi kwa kilomita peke yake. Upime pia kwa mara ngapi chombo cha nadra kinakutana na chombo kingine cha nadra, maana kila vinapokutana pasipo makubaliano, abiria anaweka rehani siku nzima.

Kwa nini basi letu liliondoka saa 12, na si lile peke yake, bali karibu mabasi yote ya mikoani? Kwa karibu miaka 30 mabasi hayo hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, kwa sababu ya ajali na utekaji wa barabarani. Gari la Tunduru au la Songea lilipaswa kuzimaliza kilomita zake mchana, na njia pekee ilikuwa kuondoka alfajiri. Zuio hilo liliwekwa kulinda roho za watu, nami siwezi kulibeza. Lakini liliifunga siku yote ya usafiri wa nchi kwenye saa moja, na anayekuja na chombo kinachofika saa 3 akawa ameshachelewa kabla hajaanza. Bahari ilikuwa na saa zake, barabara saa zake, na hapakuwa na mtu mwenye kazi ya kuzipatanisha. Serikali iliondoa zuio mwaka 2023. Tangu hapo magari ya mchana na ya jioni yameongezeka, na mtu anayeshuka boti asubuhi anaweza kulala akiwa njiani badala ya kulala kwenye benchi. Badiliko hilo halikuhitaji lami wala daraja, ni saa tu zilizofunguliwa.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na viungo vilivyofanya kazi vizuri. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilikomea ukingoni mwa ziwa, na meli zikaichukua safari kutoka hapo hadi Uganda. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 kwa mtindo huo huo, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928. Kuanzia 1948 reli, meli za ziwani na bandari zilikuwa chini ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwenye treni ndiye mwenye meli. Treni ikichelewa, meli kuondoka tupu ilikuwa hasara ya mfuko ule ule, kwa hiyo mkubwa mmoja aliweza kutoa amri kwa wote wawili: subiri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ziligawanywa nchi kwa nchi, na amri ya namna hiyo ikakosa mwenyewe.

Waswisi walilifikisha jambo hili mbali zaidi. Mwaka 1982 walianza kuendesha treni za nchi nzima kwa ratiba inayojirudia kila saa, ili treni zikutane kwenye vituo vikubwa dakika zile zile, watu wabadilishane, kisha ziachane. Mjini Luzern gati la meli za ziwani liko mbele ya stesheni. Unavuka barabara, umefika. Wenzetu hawakusubiri utajiri ndipo wapange saa. Walipanga saa kwanza, kisha wakajenga njia kulingana na saa walizozipanga.

Kusini kwetu historia ni fupi na inauma. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli iliyoelekea Nachingwea zilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Karanga zilishindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Mara pekee meli na treni ziliposhikana mikono kusini mwa Tanzania, zilishikana kwa ajili ya shehena, na shehena ilipokosekana hakuna aliyeuliza kuhusu abiria. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, urefu wake karibu mita 970, mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu. Masika ikichachamaa, watu wa Lindi, Mtwara na Tunduru walipanda meli kutoka Dar hadi Mtwara, kisha wakatafuta gari la kuelekea Masasi. Wazee wetu wanaikumbuka meli ile kwa kichefuchefu. Mimi nadhani kilichowachosha zaidi ni kushuka Mtwara bila kujua gari lipo leo au keshokutwa.

Leo barabara ni lami. Kutoka Masasi hadi Mangaka ni kilomita 54, Mangaka hadi Tunduru 137. Lakini kiungo cha mwisho, cha Tunduru mjini hadi kijijini, kina mantiki ya peke yake, nayo inastahili kuelezwa taratibu.

Nalasi iko kusini mwa wilaya ya Tunduru, upande wa mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Watu wa mbali hutujumlisha na Songea kwa kuwa ndiyo makao makuu ya mkoa, ingawa kutoka Tunduru hadi Songea ni zaidi ya kilomita 260. Gari la kijiji, hapa kwetu kama kwingi Tanzania, hulala kijijini. Huondoka usiku wa alfajiri kwenda mjini, hushinda stendi, kisha hurudi mchana. Ratiba hiyo imetungwa kwa ajili ya mtu wa kijijini: mgonjwa anayewahi hospitali ya wilaya, mzazi anayekwenda benki, mwenye duka anayefuata sukari na sabuni. Anapata saa kadhaa za shughuli, jioni yuko kwake. Ni ratiba ya busara. Ila haikumfikiria mtu anayetoka nje. Anayefika Tunduru asubuhi anakaa hadi saa 8 mchana, na anayefika jioni amelikosa. Ukitaka kujua gari linamtumikia nani, angalia linalala wapi.

Upande wa pili wa mkoa, Ziwa Nyasa, mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021 ikiwa na nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, huwaunganisha watu wa Kyela na Mbamba Bay. Kutoka hapo hadi Mbinga ni kilomita 66 za lami, kisha Songea. Meli ya ziwani hutegemea upepo na wingi wa mzigo kwenye kila kituo, kwa hiyo saa yake huteleza. Gari linalojua kwamba meli huteleza huisubiri. Lisilojua huondoka.

Watalii wa meli kubwa zinazotia nanga Mombasa au Zanzibar hawaujui mtihani huu. Mabasi yao huwa yamepangwa kabla hawajashuka, na wao wana saa moja tu ya kukumbuka, ile ya kurudi melini. Pale basi linamsubiri mtu kwa sababu ameshalilipia kulisubiri.

Sisi je? Kesho yake tuliondoka Dar saa 12. Baada ya Nangurukuru tairi likapasuka, tukapoteza muda mrefu, tukafika Masasi saa za kutembea zimekwisha. Tukalala. Asubuhi tukapata Kosta inayojaza abiria kila kijiji, na saa 7 na nusu tulikuwa bado hatujaiona Tunduru. Mama mdogo akatoa simu yake ya kubonyeza, akampigia konda wa gari la Nalasi. "Baba, shikamoo sina ya kukupa, umri wangu mkubwa. Nakuomba. Nipo njiani, nina mzigo wa mjukuu."

Tulifika saa 8 na dakika 40. Gari lilikuwapo, injini imezimwa, watu kama 25 wameketi ndani kwenye joto. Nilipiga hesabu baadaye: dakika 40 mara watu 25 ni karibu saa 17. Sisi wawili tungeachwa, zingepotea saa 48. Kwa hesabu konda alifanya sawa. Lakini kwenye kiti cha mbele alikaa mama amepakata mtoto mwenye homa, anatoka naye hospitali, na dakika 40 za yule hazilingani na zangu. Mama mdogo alimwona kabla yangu. Hakusema samahani kwa gari zima. Aliketi karibu naye, akamshika mtoto paji la uso, kisha akafungua mfuniko wa ndoo.

Kufika Nalasi, halua ilikuwa imebaki nusu.