Kushona Nyumbani: Tuanze na Nini?

Wapendwa akina mama wa Ugogo, mtama ukiisha kuingizwa ghalani, mikono hupata nafasi. Ndio wakati wa kushika sindano. Wala msingoje cherehani. Dorkasi wa Yafa, ambaye twasoma habari zake katika Matendo 9, aliwashonea wajane kanzu, na zama zake cherehani haikuwako.

Wengi huanza na gauni, tena la mikono. Nguo huharibika, bwana hunung'unikia fedha yake, na sindano haishikwi tena nyumbani humo. Heri uanze na mfuko wa Kitabu cha Sala: kipande kimoja hukunjwa, hushonwa ubavu huu na huu, na mdomo hupindwa. Kisha foronya, ndipo kanzu ya mtoto.

Nguo ifaayo ni merikani, iliyopata jina hilo kwa kuwa katika karne ya 19 ililetwa kutoka Marekani. Ifue kabla ya kuikata, maana hurudi, na mtoto atabanwa makwapani. Piga bandi kwa uzi wa rangi nyingine, upate kuufumua kwa urahisi. (Waume nao wasione haya, mafundi wa kanzu wengi ni wanaume.) Masalio yawekwe: magoti ya kaptura hayakawii kutaka viraka.