Majani ya Waridi la Jangwani Yakijikunja: Lipi la Kulipia, Lipi la Bure

Majani ya waridi la jangwani yakianza kujikunja, wengi hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na chupa ya dawa. Mwenye duka hana kosa: ameulizwa dawa, ameuza dawa. Lakini jani la mti huu hujikunja kwa kiu, kwa maji kuzidi, kwa wadudu, kwa chumvi, kwa baridi, na hata kwa dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo kutoka uwanja wa jirani. Hakuna chupa inayotibu yote hayo, na mengi kati yake hayatibiwi kwa chupa yoyote. Anayenunua kabla ya kuchunguza hulipa mara mbili: kwanza dawa isiyohusika, kisha mti mpya.

Hapa nimezipanga njia kwa gharama, kuanzia za bure. Ushauri wangu nautoa mapema: fedha ukiwa nayo, ipeleke kwenye udongo na chungu. Dawa iwe ya mwisho.

Waridi la jangwani, ambalo wauza miche wengi huliita adeniamu, si mgeni kwetu. Huota lenyewe katika nyika kavu za Kenya na Tanzania. Asili yake inaanzia Senegali, inafika Somalia, kisha inavuka bahari hadi Yemeni na Omani. Huko huvumilia miezi mingi bila mvua kwa maji liliyoyaweka katika shina lake nene. Ndiyo maana nyumbani huteswa zaidi na wema uliopita kiasi: maji kila asubuhi, udongo mzito, kivuli cha sebule.

Uchunguzi usiogharimu kitu

Anza na shina nene. Libonyeze kwa kidole gumba. Likiwa gumu, mti una maji ya kutosha na sababu uitafute kwenye majani. Likibonyea kidogo pande zote na ngozi imenywea, ni kiu. Likiwa teketeke upande mmoja, hasa karibu na udongo, likatoa majimaji au harufu, linaoza.

Fuata udongo. Choma njiti ya mshikaki taratibu mpaka chini ya chungu, iache dakika kumi, kisha ichomoe. Ikitoka kavu kabisa na shina limenywea, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu usubiri. Mti wenye kiu hujaza shina lake tena ndani ya siku chache. Ikitoka na tope wakati majani yanalegea na kugeuka manjano, usiongeze hata tone.

Mwisho geuza jani. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi na uligonge mara mbili tatu, kisha tulia uangalie. Vumbi halitembei. Ukiona vijinukta vidogo kuliko chembe za pilipili manga iliyosagwa vikianza kutambaa, huo ni utitiri. Vipondee kwa kidole, vitaacha mchirizi wa rangi ya kutu. Vidukari huonekana bila shida: husongamana kwenye vichipukizi na maua machanga, na mara nyingi sisimizi hupanda na kushuka hapo wakifuata utamu wanaoutoa. Vidung'ata hujificha penye kikonyo cha jani, wamejifunika kitu cheupe cha unga.

Mkunjo wenyewe nao una habari. Jani zima lililolegea na kuinua kingo zake linalalamikia kiu au jua la ghafla, hasa mti ukitolewa kivulini siku hiyohiyo na kuwekwa juani. Majani machanga yakitoka tayari yamekunjamana, tafuta wadudu. Ncha zikiungua na kuwa kahawia kabla ya jani kujikunja, shuku chumvi au mbolea iliyozidi. Na majani mapya yakitoka membamba na kupindapinda bila mdudu hata mmoja, uliza kama kuna mtu karibu amepulizia magugu, au kama bomba lako la kupulizia liliwahi kubeba dawa hiyo. Kwa hilo la mwisho hakuna cha kununua: subiri machipukizi mapya, na uwe na bomba la pekee kwa ajili ya maua.

Maji na majira

Visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa vina maji ya chumvi. Ukimwagilia nayo mwezi baada ya mwezi kwenye chungu kidogo, chumvi hujikusanya na kuunguza mizizi. Wapo wanaokimbilia maji ya kunywa ya madukani. Hiyo ni gharama isiyo na sababu. Ndoo chini ya bati wakati wa mvua inatosha mitungi kadhaa ya akiba. Hata kama huna budi kutumia kisima, mara mojamoja pitisha maji ya mvua, kiasi cha mara tatu ya ujazo wa chungu, yatiririke yote mpaka nje na kuondoka na chumvi. Kisahani kilichojaa maji chini ya chungu kiondoe.

Majira nayo yana dawa zake za bure. Wakati wa masika, sogeza chungu chini ya upenu, mahali penye mwanga lakini pasiponyeshewa kutwa. Wakati wa kaskazi, joto kali na ukavu huupa utitiri nafasi ya kuzaana haraka, hivyo kagua chini ya majani kila wiki. Nairobi na Arusha, kuanzia Juni hadi Agosti, mti unaweza kukunja majani, kuyageuza manjano na kuyaangusha yote. Shina likiwa gumu, mti umepumzika tu. Punguza maji, usitie mbolea, usinunue chochote. Joto likirudi utachipua.

Ukithibitisha ni wadudu: njia nne

*Maji ya mpira.* Hayagharimu kitu. Osha chini ya majani kwa nguvu ya wastani, asubuhi, kila baada ya siku mbili au tatu. Vidukari wengi huanguka na hawarudi. Utitiri hupungua, lakini kwa uvamizi mkubwa maji peke yake hayatoshi.

*Sabuni ya maji.* Kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, sabuni isiyo na dawa ya kung'arisha nguo. Jaribu jani moja kwanza, ungoje siku moja. Pulizia jioni, na asubuhi suuza. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu na haibaki kwenye jani, kwa hiyo mayai yaliyoachwa yataanguliwa. Rudia kila baada ya siku tano au sita, mara tatu. Watu wengi hupulizia mara moja, wakaona wadudu wamerudi, wakailaumu sabuni.

*Mwarobaini.* Kwa mkazi wa pwani hii ndiyo nafuu kubwa, kwa sababu mti uko karibu kila mtaa. Okota mbegu zilizokauka, toa maganda, twanga gramu 50 za kiini, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia matone machache ya sabuni, pulizia jioni. Mafuta ya mwarobaini ya dukani yanakuokoa kutwanga, kwa mililita 5 hivi kwa lita, lakini unalipia urahisi huo. Hufanya kazi polepole, kwa kumzuia mdudu kula na kukua, hivyo usitegemee kuona maiti kesho yake.

*Dawa ya kiwandani.* Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hupotea kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kununua isiyolenga mdudu wako. Imidaklopridi huuzwa sana na huwaweza vidukari na nzi weupe, lakini haiui utitiri. Mara nyingine utitiri huongezeka baada yake. Kwa utitiri utafute kiambato kilichotengenezwa kwa ajili yake, kama abamektini. Dawa ya ukungu nayo haina kazi yoyote kwa wadudu. Kabla ya kulipa, soma kiambato kwenye lebo, wala usitosheke na picha ya mdudu.

Ya pili ni ujazo. Tuseme chupa ya mililita 100 inauzwa shilingi 8,000, na lebo inataka mililita 1 kwa lita. Una vyungu vinne, kila kimoja kinatumia robo lita, na unapulizia mara tatu. Jumla ni lita 3 za mchanganyiko, yaani mililita 3 za dawa. Umetumia dawa ya shilingi 240, na mililita 97 za sumu zimebaki nyumbani kwako pamoja na watoto. Nunua pakiti ndogo kuliko zote, au mkubaliane na majirani wenye mimea iliyoathirika mpulizie siku moja. Usikubali kupimiwa sumu kwenye chupa ya soda, hata ukipunguziwa bei.

Udongo na chungu: fedha inayorudi

Mti ukirudia kuugua, kosa mara nyingi liko chini. Udongo mweusi wa bustani, ukiwa peke yake, hushika maji siku nyingi. Changanya sehemu moja ya mboji iliyoiva na sehemu mbili za vitu vya chengachenga: mchanga mkubwa wa mto, kokoto ndogo, vipande vya mkaa, au mawe mepesi ya volkano kwa walio karibu na Bonde la Ufa. Chekecha uondoe vumbi. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Perlaiti ya madukani ni nyepesi na nzuri, lakini kwa vyungu vichache vya nyumbani mchanga wa mto uliooshwa unafanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya bei. Vumbi la makumbi ni rahisi kulipata pwani, ila hukaa na maji. Liwe kidogo tu.

Kipimo ni kimoja: mwaga maji juu, na ndani ya sekunde chache yaanze kutoka chini. Yakituama, ongeza chengachenga.

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hupumua na kukauka upesi; kinamfaa anayependa kumwagilia. Cha plastiki ni cha bei ndogo, huchelewa kukauka, na kinamfaa msafiri, mradi ukiongeze matundu kwa msumari wa moto. Chungu cha kauri kinachong'aa, kisicho na tundu, ndicho cha bei ya juu na ndicho kinachoozesha mizizi. Kama umekipenda, kitumie kama pambo la nje tu.

Kuokoa au kununua mwingine

Shina likioza upande, bado halijapotea. Ng'oa mti, kata sehemu iliyooza mpaka ubaki na nyama safi isiyo na doa la kahawia, ukifuta kisu kwa spiriti kila unapokata. Uache kivulini wiki moja hadi mbili mpaka kidonda kikauke, ndipo uupande kwenye udongo mkavu. Vaa glavu na uwaweke watoto na mifugo mbali: utomvu wake ni sumu ya moyo, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamekuwa wakiupaka kwenye mishale ya kuwindia. Uozo ukiwa umezunguka shina lote, kata tawi zima la juu, lipande, na usitumie fedha kwa lililobaki.

Ukinunua mwingine, mche uliotokana na mbegu hugharimu kidogo na hutengeneza shina nene lake mwenyewe. Uliounganishwa hugharimu zaidi, na unacholipia ni rangi na umbo la ua unalolijua, wala si uvumilivu zaidi wa magonjwa. Uliochomolewa nyikani usiununue hata ukishawishiwa na ukubwa wake. Mara nyingi mizizi imekatwa vibaya na huoza, na kila ununuzi unamrudisha mchimbaji porini.

Fedha yako iende wapi

Kidole gumba, njiti na karatasi nyeupe kwanza, havina bei. Pili, maji ya mvua na kusogeza chungu. Tatu, sabuni au mwarobaini, mara tatu bila kuruka. Nne, udongo mpya na chungu chenye matundu, ambavyo hutumika kwa miaka. Dawa ya kiwandani inunue pale tu karatasi imekuonyesha mdudu na sabuni imeshindwa. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja, acha chupa dukani ununue mchanga wa mto.